Mguu Wangu Ulipoingia Mnadani

Jumamosi iliyopita mliniacha jukwaani Nyamongo, kipaza sauti mkononi, na watu wakiwa wamekwisha kula pilau ya harambee yetu na sasa wanaangalia walikoegesha pikipiki zao. Ambaye hakuwepo nampa kwa ufupi, kisha tuingie kwenye balaa.

Jina langu Ryoba. Mguu wa kushoto niliuacha shimoni, chini ya jiwe, nikitafuta dhahabu ya mtu mwingine. Nikapata wa bandia, wenye goti la chuma, na mama yangu, aliyeuza ng'ombe kuununua, akabaki na zizi tupu. Mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha kitandani, kwa hasira.

Chama chetu cha watu wenye ulemavu kilikuwa na dai moja. Zahanati mpya ya kijijini kwetu, inayotibu watu ingawa bado haijapokewa rasmi, imejengwa juu, ina ngazi za saruji mlangoni, haina njia ya kupitisha kiti mwendo. Mwenyekiti wetu, Mama Oyoo, aliingia humo na malaria akitambaa kwa viganja, na alipofika juu akaambiwa apanguse mikono kwanza, asichafue sakafu.

Tulitaka madiwani wasiipokee zahanati ile mpaka mkandarasi ajenge njia. Hatukuwa tunalipwa, kila mmoja alijitolea. Lakini haki nayo inanywa mafuta. Tulihitaji gari la kubeba viti mwendo hadi Nyamwaga barazani siku ya Alhamisi, na mkalimani wa lugha ya alama kwa wenzetu viziwi. Ndiyo maana ya harambee.

Na mkandarasi mwenyewe, mzee Nyangwine, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hatukumwalika. Alikuja tu, akakunja nne, akaletewa maji ya baridi.

Sasa tuendelee.

Nashoni, dalali wa mnada wa ng'ombe aliyekuja kutusaidia bure, alimwinua jogoo juu ya kichwa chake.

"Jogoo huyu anawika Kikurya alfajiri na Kijaluo jioni! Nani ananipa elfu ishirini?"

Mwalimu mkuu akamnunua. "Namrudisha kwa chama!" akasema, watu wakapiga makofi. Jogoo akauzwa tena. Mwenye duka la dawa akamnunua, naye akamrudisha. Akauzwa mara ya tatu, akarudi.

Ndivyo harambee zetu zilivyo. Mtu ananunua, anapigiwa makofi, anasema lile neno la kurudisha, kitu kinapanda tena jukwaani. Mtu kuondoka na jogoo wa harambee? Afadhali aondoke na mke wa mchungaji.

Lakini jogoo alipochoka, sisi tulikuwa bado hatujafika hata nusu ya gari. Rafiki yangu Okech, aliyekatwa mguu wa kushoto kama mimi ila yeye hakuwahi kupata wa bandia, alikuwa chini ya jukwaa na mkongojo wake, kapu la michango likining'inia shingoni. Alinitazama akatikisa kapu. Likalia sarafu.

Damu ikanipanda. Nikashika kipaza sauti:

*Mmekuja na magari, mmevaa na makoti,*
*Mnatupa kwa fahari, sarafu badala noti,*
*Mahari mko hodari, ng'ombe kumi hamsiti,*
*Leo haki ni sifuri, mifuko ina baruti?*

Vijana wa machimboni wakapiga miluzi. Wenye makoti wakaangalia viatu vyao. Nyangwine hakuangalia viatu. Alisimama polepole.

"Mura, kijana, umemaliza kututukana?"

"Sijatukana, mzee. Nimeuliza."

"Basi na mimi niulize. Hawa wote wametoa. Wewe umetoa nini? Chama chenu kimetoa nini? Mimi tangu nizaliwe sijaona kiwete akitoa. Naona mkono umekingwa tu."

Watu wakaguna. Mama Oyoo akasukuma kiti chake mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Ryoba. Nyathina. Meza."

Yeye akikuita nyathina, mwanangu, ujue anakuomba. Nilipaswa kumeza. Lakini mimi koo langu halijaumbwa kwa kazi hiyo.

"Nashoni," nikasema, "shusha jogoo."

"Mnada umefika mwisho?"

"Shusha jogoo, pandisha hiki."

Nikakaa kwenye kiti, nikakunja suruali, nikafungua mikanda. Nikauinua mguu wangu juu ya kichwa, na kiatu chake na soksi yake.

Ah, kelele! Akina mama walipiga yowe, watoto wakakimbilia mbele, simu zikainuliwa kila upande. Nashoni, dalali kweli yule, hakupoteza hata pumzi moja.

"Mguu! Mguu safi! Haujawahi kuugua malaria! Siafu hawauumi! Haudai chai! Nani ananipa elfu hamsini?"

"Hamsini!"

"Sabini!"

"Ungekuwa na mwenzake ningechukua jozi!" akapayuka mtu wa bodaboda. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwalimu mkuu akafika laki mbili. Mwenye duka la dawa akasema mbili na nusu. Nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, nimeshika bega la Nashoni, naapa sijawahi kuwa mrefu kama siku ile. Nilishaanza kutunga kichwani shairi la ushindi.

"Milioni moja," akasema Nyangwine.

Dereva wake akaleta mkoba. Noti zikaingia kwenye kapu la Okech mpaka likamvuta shingo.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mguu umeuzwa!"

Makofi, vigelegele, vumbi. Maadui zangu wote walikuwa wananishangilia. Nashoni akampelekea Nyangwine kipaza sauti.

"Sasa mzee wetu, sema lile neno."

"Neno gani?"

"Si lile la kurudisha."

"Nirudishe nini? Nimenunua." Akauchukua mguu, akauweka kwapani kama mwavuli. "Nimelipa, nimepewa, naenda nyumbani. Mnada ni mnada, mura. Kama ulitaka kunikopesha ungesema."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa wakubwa. Walicheka alipoingia kwenye gari. Walicheka mlango ulipofungwa. Mimi mwenyewe nilicheka, nikimwonyesha kwa mkono kwamba sawa, mzee, umetuweza, lete sasa.

Gari likapinda kona, likapotea, na mguu wangu ndani.

*

Jumatatu tulikutana kwenye kibanda cha mitumba cha Mama Oyoo. Nilifika nimebebwa na bodaboda, magongo mawili ya kuazima kwapani. Sikukaa.

"Hela zake zirudishwe leo," nikasema. "Anipe mguu wangu."

Kipofu mmoja wetu, Ezra, alikohoa tu. Mama Oyoo alikuwa anakunja suruali za kuuza. Aliendelea kukunja.

"Hela ikirudi, gari linarudi," akasema. "Gari likirudi, Alhamisi tunakaa hapa kutazamana."

"Mama Oyoo, ni mguu wangu!"

"Na lile lilikuwa tumbo langu, Ryoba. Nililiburuta kwenye saruji. Ulinisikia nikidai nirudishiwe ngozi yake?"

"Niliutoa nikijua utarudi! Kila kitu kinarudi!"

"Jogoo ndiye anarudi. Jogoo hana maadui." Akaweka suruali chini. "Kwetu Ujaluoni, mtu akikwambia 'chama', amekwambia umtafune. Wewe ulijiandikisha mwenyewe, tena kwa wino mwekundu. Si wewe uliyetutungia shairi kwamba haki haiji mpaka mtu atoe kiungo?"

Wakacheka. Wote. Shairi langu mwenyewe, nililowafundisha wakaliimba mpaka wakalikariri, likanigeuka likanizaba kofi.

"Wanaotaka hela ibaki tuendelee na safari," akasema, "wanyooshe mikono."

Walinyoosha. Kiziwi aliyeelezwa kwa alama alinyoosha. Ezra alinyoosha, akauliza kama mkono wake umeonekana. Mama Oyoo alinyoosha wa mwisho, akinitazama machoni, na machozi yalikuwa yanamlenga. Sikuyahurumia.

Mkono mmoja tu haukwenda juu. Wa Okech.

"Sinyooshi," akasema. "Siwezi kumpigia ndugu yangu kura."

Nilimkumbatia mtu yule mbele yao. Tuliyumba kama walevi, miguu miwili kwa watu wawili. Nikawaambia wengine: "Angalieni. Huyu ndiye mtu."

Okech alikuwa anaangalia chini.

*

Jumanne nikaenda kwa Nyangwine mwenyewe. Pikipiki iliniacha getini. Mke wake, Agness, alinifungulia, akanikaribisha sebuleni kwa upole mno, akaniletea soda.

Ndipo nikauona. Umesimamishwa kando ya televisheni. Kitambaa cha kufuma kimezungushwa kwenye paja, na katika kile kikombe cha juu, pale ninapoingiza kigutu changu kila asubuhi, wamechomeka maua ya plastiki.

"Ni mzee ndiye alitaka," akasema Agness kwa aibu. "Mimi nilisema tuweke stoo."

Nyangwine akaingia akifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mshairi. Umekuja kumwona mwenzako? Hajambo. Hasumbui."

"Nimekuja tuongee kama wanaume."

"Ongea basi."

"Hela sina. Nipe muda, nitailipa yote."

"Sitaki hela. Hela ninayo." Akakaa. "Ninachotaka ni kidogo, tena kwako ni rahisi. Alhamisi wewe ndiye msemaji wao. Simama pale barazani, usidai kitu. Nisifu. Beti tano tu. Nyangwine mjenzi, Nyangwine mkombozi, zahanati ya Nyangwine inang'aa. Ukimaliza, mguu unakungoja mlangoni, na kiatu nitakuwa nimekipiga rangi."

"Siwezi."

"Hujajaribu."

Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilijaribu. Nikiwa nimekaa kwenye kochi lake, nikiangalia yale maua, mstari wa kwanza ulikuja wenyewe. Ulikuja mzuri, mizani sawa, kina kimetulia. Wa pili ukaanza kumfuata. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ule ulaini.

Nikainuka.

"Mzee, mashairi yangu hayauzwi."

"Mguu wako ulisema hivyohivyo." Akacheka mpaka akakohoa. "Sawa, mura. Nenda na kiburi chako. Ila nikwambie: Alhamisi mguu huu utaingia barazani. Utaingia bila wewe."

Nilidhani ni maneno ya tajiri. Nikamwachia soda yake nusu, nikaondoka.

*

Alhamisi tukafika Nyamwaga mapema. Madiwani walikuwa wanakutana katika ukumbi wa kukodi, nao, kama kwa kututania, umejengwa kwenye mteremko, mlango uko juu, na ngazi za zege hazina hata bomba la kushikia.

"Tumekuja kushtaki ngazi," akasema Mama Oyoo, "ngazi zimetutangulia."

Mgambo wawili wakamshika kwapani na miguuni, wakampandisha.

"Polepole nyie! Mimi si mahindi. Mahindi yana bei."

Walitaka kunibeba na mimi. Nikakataa. Nilisema nitapanda kama mtu. Katikati ya ngazi gongo moja liliteleza, nikaanguka kifudifudi, meno yakagonga zege. Diwani mmoja aliyekuwa anavuta sigara pale nje alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nikapanda zilizobaki kwa makalio. Mshairi wa Nyamongo, kwa makalio.

Lakini waliponipa nafasi ya kusema, nilisema. Sikutumia vina. Nilieleza Mama Oyoo alivyotambaa. Nilieleza mjamzito mwenye mguu mmoja aliyejifungulia chini ya zile ngazi, kwenye kokoto, wahudumu wakimwangalia kutoka juu. Niliona madiwani wakiinamiana na kunong'ona, wakitikisa vichwa kwa kukubali. Mkalimani alikuwa na machozi.

Tumeshinda, nikajiambia.

"Mkandarasi ana la kujibu?" akauliza mwenyekiti wa baraza.

"Sina mengi, mheshimiwa," akasema Nyangwine. "Nina shahidi tu. Ni mlemavu, tena wa chama chao."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mtu akaingia akitembea wima, suruali mpya, shati jeupe. Kulikuwa na mlio kila hatua, mlio mdogo wa chuma ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu.

Okech.

Nilitazama chini. Kiatu chake cha kushoto na changu cha kulia vilikuwa ndugu.

"Ewe Mungu wangu," akasema Mama Oyoo.

Okech hakutuangalia. Alisema kama mtoto anayekariri mbele ya darasa: "Mimi ni mlemavu. Jana nilipelekwa zahanati ile. Nilipanda ngazi zote mwenyewe. Hazina shida. Wanaolalamika hawajajizoesha."

"Amevaa mguu wangu!" nikapiga kelele. "Huo ni mguu wangu!"

"Kijana, kaa chini," akasema mwenyekiti. "Mguu ni wa nani?"

"Ni wangu, mheshimiwa," akasema Nyangwine. "Niliununua hadharani. Nikamsaidia huyu ndugu ambaye hakuwa nao, na nimempa kazi ya ulinzi nyumbani. Na naomba baraza lijue jambo moja. Gari lililowaleta hawa nimelilipia mimi. Chakula walichokula njiani ni changu. Hata huyo anayewapungia viziwi mikono, analipwa kwa hela yangu. Mimi ndiye mfadhili wao. Sasa, waheshimiwa, mtu ninayemlisha ananitapikia mezani?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Ni kweli?" mwenyekiti akaniuliza.

"Alinunua mguu!"

"Ulimuuzia wewe?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa mnada."

Kicheko kikaongezeka. Mkalimani hakujua atafsiri nini. Akashusha mikono.

Ndipo aliposimama diwani mmoja wa viti maalumu, Sarah jina lake, mama mfupi asiyecheka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, maneno yametosha. Ngazi si hizo hapo mlangoni? Shahidi ashuke, halafu apande tena, sisi tukiona. Akifika salama, tuipokee zahanati leo hii. Akishindwa, mkandarasi arudi akajenge njia."

"Naunga mkono!" wakasema wengi. Viti vikasogezwa. Baraza zima likatoka kwenda kusimama juu ya ngazi kama watu wanaotazama ngoma.

Nilisukumwa na umati mpaka ukingoni, bega kwa bega na Okech. Kwa karibu alikuwa ananuka jasho la homa. Mguu ule ulichongwa kwa kigutu changu, si chake. Alikuwa ameujazia matambara ndani.

"Hukunyoosha mkono," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sikunyoosha. Nilikuwa nimeshaahidiwa."

"Tangu lini?"

"Usiku uleule wa harambee." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Usinitazame hivyo, omera, ndugu yangu. Ulikaa nao miaka miwili. Tunalala nyumba zinazotazamana. Uliwahi kuniazima hata Jumapili moja niende kanisani nimesimama?"

Halikuwahi kunijia hata wazo.

Mama Oyoo, mgambo wamemweka kwenye kiti chake nyuma yetu, alinivuta shati.

"Remo," akasema. "Angalia soksi. Damu."

Ilikuwa inashuka ndani ya suruali mpya, imefika kwenye kiatu, na kwenye zege palikuwa na alama nyekundu za kila hatua aliyopiga.

"Okech, wuod minwa," Mama Oyoo akamwita, mwana wa mama yangu, "kaa chini. Vua hicho kitu. Acha tushindwe, twende nyumbani."

"Sivui," akasema Okech. "Leo nimesimama. Sivui mbele za watu."

"Utaanguka!"

"Basi nianguke nimesimama."

"Shahidi, tunakungoja," akasema mwenyekiti.

Okech akasogea ukingoni. Akatazama chini zile ngazi, akaurudisha mguu nyuma. Nikaelewa kabla hajasema.

"Omera," akaninong'oneza. "Wamenifundisha kupanda tu. Kule zahanati, kushuka walinibeba."

Msomaji, mimi kushuka nilijifundisha kwa meno mawili ya mbele. Kwa hiyo sikiliza, ni jambo dogo. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, bandia ndiyo hutangulia, na mzima hubaki juu ukibeba mwili. Ukikosea ukatanguliza mzima, mwili wote unaegemea goti la chuma, na goti la chuma halina huruma. Linajikunja. Unakwenda kichwa mbele, na pale hapakuwa na bomba la kushika.

Neno moja tu lilihitajika. Nikisema kweli, Okech atashuka, atapanda, Nyangwine atapokewa zahanati yake, na Mama Oyoo atatambaa mpaka kufa. Nikinyamaza, labda atakisia vizuri, labda vibaya, na mimi mikono yangu safi.

Lakini hakuniacha ninyamaze. Aligeuka akaniangalia, jicho lilelile la siku ile alipotikisa kapu chini ya jukwaa, na akaniuliza wazi, kwa sauti, mbele ya mwenyekiti, na Sarah, na Nyangwine, na baraza zima:

"Ryoba, ndugu yangu. Tunaanza na upi?"

Wote wakanigeukia.

Nilimtazama Nyangwine. Alikuwa anatabasamu. Nilimtazama Okech, kiatu changu mguuni mwake.

"Mzima," nikamwambia. "Tanguliza mzima."

"Erokamano, omera," akanishukuru. Akainua mguu wake mzima.